Kinywa cha Mkalimani

Jumapili, 4 Mei

Ibada mbili leo. Nimetafsiri zote. Koo limekauka, lakini bon, imekwenda vizuri. Mchungaji Byamungu alihubiri juu ya Naamani mwenye ukoma. Yeye Kiswahili, mimi Kiingereza, kwa ajili ya Wazulu na Wanaijeria wanaokuja siku hizi. Akishusha sauti nashusha. Akipaza napaza. Miaka yote hii tunasimama bega kwa bega kama ng'ombe wa nira moja.

Kabla ya kupanda madhabahuni alinipa peremende ya mnanaa. Hunipa kila Jumapili. Ni upendo wake.

Leo alisogea pembeni. Nikamfuata, nikidhani ananionyesha pa kusimama. Akasogea tena. Mwisho tulifika karibu na ngoma. Baada ya ibada ya kwanza akamwambia fundi wa sauti anipe kipaza sauti changu mwenyewe. Heshima. Nilifurahi kama mtoto.

Alhamisi, 8 Mei

Kazini, kiwandani kule Jacobs. Kubandika magodoro kutwa. Barakoa usoni tangu asubuhi kwa sababu ya gundi. Harufu mbaya ndani ya barakoa, kama samaki wadogo wa ndagala waliosahauliwa kwenye mfuko. Nikalaumu gundi. Nikavaa barakoa mpya. Harufu ikabaki.

Msimamizi akiongea nami husimama mbali na kupinda shingo. Kelele za mashine, nadhani.

Jino la nyuma, chini kushoto, linashtuka nikinywa baridi. Si neno.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji alimwita Patrick atafsiri. Patrick amekulia hapa Durban. Kiingereza chake kinateleza, Kiswahili chake kina mashimo. Alikwama mara kadhaa. Watu wakamsaidia, wakacheka naye. Mimi mstari wa pili, mikono magotini. Mchungaji alisema nipumzike kidogo. Sikuomba kupumzika.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu nimekosa nini kanisani. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa.

"Papa Esther, ni kinywa chako."

"Kinywa changu kimesema nini?"

"Hakijasema kitu. Kinanuka."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mtoto wetu Esther yuko darasa la nne. Esther sasa yuko la saba.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu. Alininunulia mswaki mpya. Alinipikia chai ya tangawizi. Alilala akiangalia ukuta. "Ulitaka nikuambieje? Wewe ni mtu wa maneno. Ningeanzia wapi?"

Kwa hiyo kwaya wanajua. Mashemasi wanajua. Patrick anajua. Na ile peremende haikuwa upendo. Au ulikuwa upendo, lakini si ule niliofikiri.

Jumatatu, 12 Mei

Sikuongea na mtu kutwa. Kwenye taxi niligeuza uso dirishani. Mwanamke wa pembeni yangu alifungua kioo hata hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekuwa nikipiga mswaki mpaka fizi zinatoa damu. Nimenunua dawa ya kusukutulia, ile ya bluu. Inafanya kazi kama marashi juu ya jasho. Saa moja, halafu harufu inarudi na rafiki yake.

Leo nilishuka soko la Warwick kununua sombe. Nikajikuta upande wa viungo. Kuna meza ya mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba. Wote sokoni wanamwita Anti Saroj. Nilimwomba karafuu tu. Niliongea mkono ukiwa mdomoni. Akasema kwa Kiingereza chake cha Durban, toa mkono, sikusikii. Nikatoa. Akanitazama kidogo. Hakurudi nyuma. Akainama karibu, akashusha sauti kabisa, akaniuliza: fizi, tumbo, au jino?

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitaka ardhi inimeze.

Akaniambia nitoe ulimi auone. Nilikataa. Pale, mbele ya watu? Akacheka, si kunicheka. Akaeleza akiwa anapima bizari ya mteja mwingine. Haya mambo amefundishwa na bibi yake, naye na mama yake, yanaitwa Ayurveda. Asubuhi kinywa kinahudumiwa kwanza, kabla ya chakula, kabla ya kumsalimu mtu. Ulimi unakwanguliwa taratibu, kutoka nyuma kuja mbele. Halafu mafuta ya ufuta, kijiko kimoja, unayazungusha mdomoni bila kumeza mpaka yawe mepesi na meupe kama maziwa. Unatema kwenye karatasi. Usiteme kwenye sinki. Kisha maji ya vuguvugu na chumvi. Kisha unatafuna kijiti.

Alinionyesha kijiti. Yeye anakiita nimu. Ni mwarobaini! Mwarobaini wetu wenyewe, ambao kule kwetu Uvira mama alituchemshia wakati wa homa tukalia kwa uchungu wake. Nimeupita huo mti maisha yangu yote, naja kuuziwa na Mhindi huku kusini.

Na chakula, akasema. Unakula saa ngapi? Nikasema nikirudi kazini, ugali wa fufu, nashiba, nalala. Akatikisa kichwa. Tumbo halipati nafasi ya kumaliza kazi, na kisichomalizika kinapanda kwenye ulimi. Kula mapema, kula kidogo, kunywa maji ya moto asubuhi.

Jambo la mwisho alilisema kwa ukali. Kama kuna jino lililooza, mafuta si daktari wa meno. Nenda ukang'oe.

Nikasema sina jino bovu. Wakati nasema, nilikuwa nalisukuma kwa ncha ya ulimi.

Meza ya pembeni yuko Furaha, dada wa Bukavu, anayeuza mawigi na kusuka. Anasali kwingine lakini anatufahamu sote. Alinisalimu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Nikaficha kifurushi cha mafuta, kijiti na kikwanguo ndani ya sombe, nikaondoka haraka.

Jumapili, 18 Mei

Ulimi kwanza. Kile kikwanguo cha shaba kina umbo la kiatu cha farasi. Sitaandika kilichotoka. Niseme tu kwamba nimekuwa nikisoma Neno la Mungu juu ya uchafu ule.

Mafuta yalinishinda. Mdomo ulijaa, nikaanza kucheka peke yangu, kisha nikakohoa, nikatema kwenye sinki. Bafu tunachangia na familia ya Wamalawi. Sinki likaziba. Baba yao akagonga mlango kuuliza iko nini humo ndani. Nikasema nanyoa. Nikachokonoa lile bomba kwa waya huku mafuta yananichuruzika kidevuni. Mtu mzima. Mkalimani wa kanisa.

Patrick alitafsiri tena.

Jumatano, 28 Mei

Sasa nimezoea. Naamka kabla ya wenzangu, nakwangua, nazungusha mafuta nikiwa napiga pasi sare ya Esther. Anauliza kitu, najibu kwa nyusi. Amezoea pia. Natema kwenye gazeti. Fizi hazitoi damu tena. Ulimi umekuwa mwekundu kama wa ng'ombe mwenye afya.

Naona aibu hata kwa furaha hii. Nani anafurahia ulimi wake?

Chupa naificha nyuma ya gunia la mchele. Kanisani kwetu mafuta ambayo hayakuombewa ni jambo zito. Mafuta ya Mhindi ndiyo zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Mama Esther alikaa karibu nami baada ya chakula. Tukaongea juu ya mambo ya shule, juu ya dada yake aliye Bujumbura. Uso kwa uso. Katikati ya maneno nikagundua hajageuka. Nikamtazama. Akauliza, "Nini sasa?" Nikasema hakuna.

Nilikwenda bafuni nikalia kidogo. Miaka mitatu alikuwa anavumilia na mimi nilikuwa namuona mwanamke baridi.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi madhabahuni! Mashemasi walimwambia mchungaji kwamba harufu imekwisha. Alinivuta pembeni kabla ya ibada, akanikaribia, akasikiliza pumzi yangu kama daktari. Akacheka kwa furaha. "Ndugu yangu, nini kimetokea?"

Ningeweza kusema. Alikuwa peke yake, uso umefunguka, ananishika mkono. Nikasema, "Maombi, mchungaji. Nilifunga."

Sijui kwa nini. Ndiyo, najua. Niliogopa aseme nimekwenda kwa Wahindi kutafuta dawa.

Akalitangaza. Hakutaja kinywa, alisema tu Bwana ameondoa aibu ya mtumishi wake. Watu wakapiga makofi, wakaimba. Mimi nikatafsiri. Nilitafsiri uongo wangu mwenyewe kwa Kiingereza safi.

Mama Esther hakupiga makofi. Anajua kilicho nyuma ya gunia.

Jumamosi, 21 Juni

Kwa Anti Saroj kuchukua mafuta mengine. Alifurahi kunisikia ninavyoongea, mkono chini. Akasema sasa nina sauti, kumbe. Akanipa iliki ya kutafuna, zawadi.

Jino linapiga sasa, si kushtuka tu. Linapiga kama mtu anayegonga mlango. Alinikamata nimeshika shavu. Daktari, akasema. Nikamwambia anipe karafuu nyingine. Akanipa, lakini akanishika kiganja, akarudia: hii ni ya kutuliza njia ya kwenda kliniki, si ya kukaa nyumbani.

Sitaki kliniki. Sitaki mgeni anishikie taa na kutazama ndani. Nimeshatazamwa vya kutosha.

Jumatano, 25 Juni

Mama Riziki wa kwaya amelazwa. Aliacha vidonge vya presha. Kuna mtu pale stendi ya taxi alimuuzia unga wa mitishamba, akamwambia unga unatosha. Hakuna anayejua jina la huyo mtu. Alianguka akiwa anafua. Upande mmoja wa mwili hausikii.

Mchungaji alikaa naye hospitalini siku nzima. Alirudi macho mekundu. Ndiye aliyembatiza, ndiye aliyemfungisha ndoa. Amesema Jumamosi tutahubiri Warwick, na spika, na jenereta. "Utatafsiri wewe," akaniambia. "Patrick hana moto."

Nilijua meza ya Anti Saroj iko wapi. Nikaitikia.

Jumamosi, 28 Juni

Tumehubiri. Watu walikuwa wengi. Spika ziliwekwa karibu na upande wa viungo kwa sababu ndipo kulikuwa na nafasi. Nimetafsiri. Nimechoka. Jino linauma sana.

Jumapili, 29 Juni

Sikulala vizuri. Niandike ukweli, hata kama hakuna atakayeusoma.

Mchungaji alisema hivi: "Ndugu zangu, unga na mafuta ya mitaani hayawezi kuchukua nafasi ya dawa ya daktari. Usiache vidonge vyako. Mtu akikuambia uviache, mkimbie." Hayo tu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa ajili ya Mama Riziki.

Mimi nikasema kwa Kiingereza kwamba mafuta haya na unga huu ni uchafu wa nyumba za sanamu. Nikasema wanaowauzia wanawauzia kifo. Nikasema msiguse.

Yale hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Furaha alikuwa amesimama kwenye meza yake ya mawigi, ananitazama, anatabasamu. Alishaniona pale nikinunua. Nilifikiri, atasema. Nilifikiri, nikipiga kelele kuliko wote hakuna atakayemwamini. Na watu walikuwa wanaitikia. Kuitikiwa ni kitu kitamu. Nilikuwa nimekikosa majuma mengi.

Mkono wangu ulinyooka kuelekea meza za viungo. Sikuuamuru. Au niliuamuru.

Anti Saroj aliinua uso. Alinitambua. Alianza kufunika mabeseni yake kwa kitambaa, moja baada ya jingine. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua akarudisha pakiti mezani, akajifuta mkono kwenye sketi. Vijana wakasukumana, beseni la manjano likamwagika, unga wote njiani, watu wakaukanyaga. Ni mchungaji aliyeinama kumsaidia kuukusanya. Mchungaji mwenyewe, na suti. Hakujua. Alidhani watu wamesukumana tu.

Mimi nilibaki nimeshika kipaza sauti.

Leo nimetafsiri tena ibada mbili. Kila neno kama lilivyo. Hakuna aliyejua tofauti.

Jumanne, 1 Julai

Shavu limevimba. Karafuu haisaidii. Mafuta sijayagusa tangu Jumamosi. Kila nikitaka kuchukua chupa mkono unakataa. Nimekwenda kazini hivyo hivyo. Barakoa inafaa kwa kuficha.

Alhamisi, 3 Julai

Homa. Jicho la kushoto linajifunga. Taya halifunguki vizuri. Mama Esther amesema kesho nitakwenda hospitali hata kama ni kwa kubebwa. Sikubishana. Kubishana kunahitaji mdomo.

Ijumaa, 4 Julai

Hospitali. Foleni ndefu. Mama Esther alishika karatasi zetu za ukimbizi mkononi njia nzima kama mtu anayebeba mayai, lakini hakuna aliyetusumbua.

Daktari wa meno ni binti mdogo wa Kizulu, mikono midogo, sauti ya upole. Aliniambia fungua, baba. Nilifungua kile kidogo nilichoweza. Nilifumba macho. Nilisubiri arudi nyuma.

Hakurudi. Akasema, "Huyu anautunza ulimi wake. Na fizi zake ni nzuri." Alikuwa anamwambia muuguzi. Kisha kwangu: kazi nzuri, baba, lakini jino hili lilitakiwa kutoka zamani, ungesubiri zaidi usaha ungeshuka shingoni na tusingekuwa tunaongea hivi. Nani alikuambia usubiri?

Hakuna. Aliyenishauri alisema nenda. Alisema mara mbili.

Wakapasua, wakatoa usaha, wakang'oa. Harufu ilijaa chumba kizima. Hakuna aliyefunika pua. Nilitamani wafunike. Machozi yalinitoka na daktari akadhani ni maumivu, akaongeza sindano.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Mdomo umejaa pamba. Esther aliniandikia kwenye karatasi "pole papa" kana kwamba ni masikio yanayouma.

Mchana nilitoa pamba, nikamwambia Mama Esther yote. Uongo wa kufunga. Warwick. Maneno niliyoongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Sufuria ikaungua jikoni, hakuinuka.

"Kwa hiyo," akasema, "kinywa alichokusafishia ndicho ulichomtukania."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikata.

"Usiniombe mimi. Mimi sikutukanwa."

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda. Nilizunguka soko mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikanunua mboga za lengalenga ambazo hatukuzihitaji. Mwishowe nikasimama mbele ya meza.

Alinihudumia kama mteja. Nini, akauliza, karafuu? Nikasema hapana. Nikasema nimekuja kwa ajili ya siku ile.

Akasema anajua. Siku ile ile, kabla vumbi la manjano halijafagiwa, alimuuliza Furaha yule mzee wa suti alikuwa anasema nini katika lugha yetu. Furaha akamwambia. "Alisema watu wasiache vidonge," akasema Anti Saroj. "Hata mimi nawaambia hivyo. Kila siku nawaambia. Basi nikauliza, na ile habari ya uchafu na sanamu, na kifo? Furaha akasema hiyo hakuisikia kwa Kiswahili."

Alinitazama juu ya miwani.

"Ilikuwa yako."

Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Mimi ni mtu wa maneno. Hayakuja. Nikasema tu nilikuwa na aibu, niliogopa watu wangu wajue. Akasema ameona wateja wake wote wana aibu ya kitu, ndiyo maana wanakuja mapema au wanakuja jioni, na hakuna mwingine aliyempigia spika.

Alisema jambo moja zaidi, polepole, huku anapanga pakiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mtu asiyemjua akimtukana anajikung'uta na kuendelea, ameishi Durban maisha yake yote, amesikia mengi. Lakini mimi alinipa vitu vya bibi yake.

Kisha akaniambia nisogee, nimeziba njia ya wateja.

Furaha alisikia yote. Hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Jumapili, 13 Julai

Nilimsubiri mchungaji ofisini baada ya ibada. Nikamwambia. Kwanza hakuelewa. "Mimi sikusema hivyo," akarudia. "Papa Esther, mimi sikusema hivyo." Aliposhika maana akakaa chini. Akasema, "Yule mama nilimwokotea manjano. Akaniangalia kwa namna fulani, nikasema labda amechoka." Akafunika uso kwa viganja.

Nikamwambia pia habari ya kufunga. Na mafuta ya ufuta. Na mwarobaini.

Nilingoja hasira juu ya mafuta. Haikuja. Akasema, "Mwarobaini? Mama yangu alituchemshia mwarobaini." Basi. Nilichokiogopa miezi yote hakikuwepo. Alikasirikia kitu kingine kabisa. Alisema watu wasiojua Kiswahili wanamjua yeye kwa mdomo wangu tu. Wanaijeria, Wazulu, wote. Sasa hajui miaka hii yote wamesikia nini.

Nikaapa kwamba ni siku ile moja. Ni kweli. Lakini niliona anavyojaribu kuniamini na anavyoshindwa.

Sitatafsiri tena. Hakunifukuza. Alisema tu, "Kaa kwanza na mkeo." Nimeelewa.

Jumamosi, 19 Julai

Mchungaji alitaka kurudi Warwick na spika kusahihisha. Nilimwomba asifanye hivyo, spika zimewatosha wale akina mama. Nikaenda mwenyewe. Akaja nami hata hivyo, akasimama nyuma kidogo.

Pale pale kwenye kona. Bila kipaza sauti. Asubuhi, biashara ndiyo inaanza. Nilisema kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye niliyetafsiri siku ile, na kwamba mchungaji hakuyasema yale. Nikasema aliyoyasema. Nikasema yale mengine niliyatunga mwenyewe, na si kweli, na mama huyu alinisaidia kinywa changu kilipokuwa kinanuka, na kuhusu jino aliniambia niende hospitali nikakataa, nikaja kulazwa kwenye kiti cha daktari. Nilisema neno kunuka kwa sauti. Mbele ya watu. Wauza viungo watatu, Furaha na mteja wake mwenye nywele nusu, mchukuzi mwenye toroli aliyetaka kupita. Eish, akasema mchukuzi, sharp, sawa, baba, nipishe sasa.

Nikampisha.

Mchungaji akamwendea Anti Saroj, akainamisha kichwa. Sikusikia walichosema. Kwa mara ya kwanza sikuwa katikati. Kiingereza chake ni kibovu lakini alikitumia chote.

Mimi Anti Saroj hakuniangalia. Alikuwa anapima giligilani.

Jumapili, 27 Julai

Patrick ametafsiri. Alikwama kwenye neno "upatanisho". Nililijua. Watu kadhaa waligeuka kunitazama. Niliangalia sakafu. Akalipata mwenyewe, kwa kuzunguka, kwa maneno mengi ya kawaida. Nadhani yalieleweka vizuri kuliko langu.

Mama Riziki ameanza kuinuka na kuketi mwenyewe kitandani. Amerudia vidonge.

Jumamosi, 2 Agosti

Sokoni kwa ajili ya sombe. Baridi kidogo, jua zuri. Nilipita upande wa viungo kwa sababu ndiyo njia fupi, nisijidanganye. Sikukusudia kusimama.

Anti Saroj alikuwa anafunga mafundo ya mdalasini. Akaniona. Nikasema habari ya asubuhi. Akaitikia. Nikaendelea kutembea.

"Wewe," akaita. "Shimo la jino limefunga?"

Nikarudi. Nikasema nadhani limefunga.

Akaweka mdalasini chini, akavaa miwani vizuri, akaniambia nimwonyeshe. Watu walikuwa wanapita pande zote, wenye mifuko, wenye vikapu vichwani. Nikainama mbele ya meza nikafungua kinywa, chote, mpaka nyuma. Jua likaingia. Alitazama kwa muda. Aligeuza kidevu changu kwa kidole kimoja, akatazama tena.

"Linapona," akasema. "Endelea na maji ya chumvi."

Akarudi kwenye mdalasini wake.